Ruta ya nyumbani ina nywila mbili, wewe umebadilisha ngapi?

Wadau, bando la mwezi limekata tarehe 12 na hujui nani kalimaliza. Unabadilisha nywila ya Wi-Fi, unatulia. Kazi bado hujaimaliza.

Ruta ina nywila mbili. Ya kwanza ni ile unayowapa wageni waingie Wi-Fi. Ya pili inafungua ukurasa wa mipangilio ya ruta yenyewe, na hii wengi hawajaigusa tangu siku fundi alipokuja kufunga. Iko kwenye stika chini ya ruta, na kwenye ruta nyingi za zamani ni admin na admin tu! Yaani yeyote uliyemkaribisha, hata mtoto wa jirani, anaandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye brauza na anaweza kukufungia nje wewe mwenye nyumba.

Kufungiwa nje ni afadhali, maana utajua. Mbaya ni akikubadilishia DNS kimyakimya. DNS ni kama orodha ya majina kwenye simu: unaandika jina la tovuti, yenyewe inakutafutia namba. Akiweka ya kwake, unaandika jina la benki yako bila kukosea herufi na unapelekwa kwenye ukurasa wa kughushi. Brauza ikikuonya kuhusu cheti, usilazimishe kuingia.

Haya yaliwakuta Brazil. Mwaka 2012 ilielezwa kwamba modemu milioni 4.5 zilikuwa zimebadilishwa DNS kwa njia hiyo. Kule wezi walipitia kasoro ya programu iliyo ndani ya modemu, kwa hiyo hata nywila nzuri isingetosha. Ndiyo maana ukishaingia kwenye mipangilio tafuta pia sehemu ya kusasisha programu ya ruta.

Ukiwa humohumo, badilisha nywila ya admin, na isifanane na ya Wi-Fi. Usalama wa Wi-Fi weka WPA2 au WPA3. WEP ilishavunjwa tangu 2001, achana nayo. "Remote Management" zima, huna haja ya kuongoza ruta ukiwa mjini. WPS nayo zima: PIN yake ina tarakimu 8, ila mwaka 2011 iligundulika kwamba ruta inaikagua nusunusu, hivyo majaribio kama 11,000 tu yanatosha kuipata. Kompyuta haichoki kujaribu.

Wageni wafungulie mtandao wa wageni kama ruta yako inao. Kuficha jina la Wi-Fi hakusaidii kitu jamani, programu za bure zinaliona.

Na ukisahau nywila ya admin? Nyuma kuna kitundu kimeandikwa reset. Ingiza ncha ya pini, shikilia sekunde 10 hivi. Ruta inarudi ilivyotoka kiwandani, na nywila zake za stika, kwa hiyo chomoa waya wa intaneti kwanza, panga kila kitu upya, ndipo urudishe waya.