Barua za Askari wa Keya

Watanganyika wapatao 87,000 walitumikia jeshi la Waingereza katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1944 askari wa Keya (KAR, yaani King's African Rifles) walipigana na Wajapani katika Bonde la Kabaw, Burma, ng'ambo ya Bahari ya Hindi kutoka kwao Tanganyika, kama vile Olmotonyi kwenye miteremko ya Mlima Meru. Barua nyingi kati yao na nyumbani ziliandikwa kwa Kiswahili. Nyumbani, asiyejua kusoma alimwendea mwalimu au mchungaji. Kambini, alimwendea mwenzake aliyesoma. Siri za mume na mke zilipita hivyo masikioni mwa watu, kisha wakaguzi wa jeshi nao wakazisoma. Askari walioandika waliulizia ya nyumbani: ng'ombe, uaminifu wa mke, na kama fedha zimefika; nao walitaja likizo isiyokuja.