Kijiji Kilichobaki na Watoto

Leo tutatoka nje ya nchi kidogo. Kama mtoto ananyonya, mwache anyonye, sisi tuendelee.

Huko Alaska, kaskazini kabisa mwa Marekani, wanaishi Wainupiati, wenyeji wa asili ambao ni wavuvi na wawindaji. Oktoba 1918 meli ilifika mji wa Nome, na ile homa kali ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia ikashuka nayo. Barabara hazikuwepo. Homa ilisafiri na watu juu ya theluji, kwa sleji zinazokokotwa na mbwa. Katika kijiji cha Brevig Mission, kati ya tarehe 15 na 20 Novemba, walifariki watu 72 kati ya watu wazima wapatao 80. Siku tano tu! Waliobaki wengi wao walikuwa watoto. Hebu fikiria nyumba isiyo na mtu mzima wa kuwasha moto, na nje ni barafu.

Kijiji cha Shishmaref kiliweka walinzi njiani ili mgeni asipite, na homa haikuingia.

Miaka ya 1950 kifua kikuu kilikuwa kinawamaliza wenyeji hao. Dawa yake humezwa kwa miezi mingi, na daktari hawezi kukaa kila kijiji. Basi wakachaguliwa wanakijiji wenyewe kugawa dawa. Kazi ikapanuka: kupima joto, kuosha vidonda, kumwangalia mjamzito, halafu kumweleza daktari wa mbali kwa simu ya upepo. Mwaka wa 1968 serikali ikautambua mpango huo na kuutengea fedha. Hapo mimi hushukuru, maana nawajua wahudumu wetu waliotembea miaka mingi bila malipo.

Korona ilipozuka mwaka wa 2020, vijiji vingi vya Alaska viliwafungia wageni njia. Wazee walikuwa bado wanasimulia habari za 1918. Desemba chanjo ikaanza kufika, kwa ndege ndogo, kwa mashua, kwa pikipiki za theluji. Katika vijiji zaidi ya 170 kulikuwa na mhudumu anayejua mzee yupi hawezi kutembea na nani anaogopa sindano.

Je, mama, wewe unamjua mhudumu wa afya wa kijiji chako? Kama hajawahi kubisha kwako, uliza zahanati wiki hii. Mpe jina lako, idadi ya watoto wako, na njia ya kufika kwako mvua ikinyesha.