Tamasha la sanaa za mtaani ni nini, na Zinga inahusikaje?

Ukitoka Dar kwenda Bagamoyo, kabla hujafika mjini unapita Zinga. Viwanja vinapimwa, vinauzwa, kuta zinapanda. Swali dogo tu: vikiisha vyote, watoto watacheza wapi na ngoma itapigwa wapi? Kuna matamasha ya sanaa yanayouliza swali hilohilo.

Ni tamasha la aina gani?

Ni lile lisilojifungia ukumbini. Kazi za sanaa huwekwa barabarani, sokoni, stendi au uwanjani. Mada ni mji wenyewe: nani anautumia, nani anaondolewa, kinajengwa nini.

Limefanyika wapi?

*Kampala:* Mwaka 2012, tamasha la KLA ART liliwapa wasanii 12 makontena 12 ya mizigo, yakawekwa sehemu mbalimbali za jiji. Mwaka 2014 ikawa zamu ya bodaboda: pikipiki zikageuzwa kazi za sanaa zinazotembea.

*Nairobi:* Kwenye Nai Ni Who?, lililoandaliwa na GoDown Arts Centre, wakazi wenyewe waliongoza wageni kutembelea mitaa yao.

Bagamoyo je?

Bagamoyo ina Tamasha la Kimataifa la Sanaa na Utamaduni tangu 1982, mwaka mmoja baada ya Chuo cha Sanaa kuanzishwa. Chuo hicho ndicho TaSUBa ya leo, na viwanja vyake ndio kitovu cha tamasha. Ila ardhi inayobadilika zaidi iko kusini mwa mji, kata ya Zinga.

Kwa nini Zinga?

Kwa sababu ya bandari. Makubaliano na kampuni ya China yalitiwa saini 2013, mazungumzo yakakwama 2019, na 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kuyafufua. Wakazi wa Pande na Mlingotini walifanyiwa tathmini ya mali zao ili kupisha mradi. Kwa hiyo kontena, lililokuwa sanaa Kampala, hapa ni jambo la kuamua utaishi wapi.

Tamasha litasaidia nini?

Halizuii bandari wala halirudishi shamba. Linachofanya ni kuwatoa watu nje watembee pamoja. Mzee anamwonyesha kijana njia ya zamani ya kwenda pwani, mwembe wa mikutano, uwanja wa ngoma. Ramani ya upimaji haina habari hizo.

Ufanye nini sasa?

Michoro ya mipango miji hutenga maeneo ya wazi. Nenda ofisi ya mtendaji, uliza la kwenu liko wapi, kisha nenda ukalione kwa macho. Likishajengwa nyumba, hata tamasha zuri vipi halitakuwa na pa kufanyikia.