Malezi na utulivu wa mtoto mdogo: Tafiti zinavyosema na mahali mzazi wa Chanika anapoweza kuanzia

Kata ya Chanika, iliyopo pembezoni mwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ni miongoni mwa maeneo ambayo familia nyingi changa zimehamia kutafuta kiwanja na makazi ya bei nafuu. Kwa mkazi anayefanya biashara au ajira Kariakoo, Posta au Buguruni, siku huanza kabla ya mapambazuko na kumalizika usiku, baada ya safari ndefu ya kupita Pugu na Gongo la Mboto. Katika saa hizo mtoto mdogo hubaki na bibi, dada wa kazi, jirani au kituo cha kulelea watoto mchana. Mzazi anaporejea, mara nyingi hupokelewa na malalamiko: mtoto hatulii, hasikii, anapiga wenzake, au mwalimu wa darasa la awali ameagiza mzazi afike shuleni.

Hali hiyo si ya Chanika pekee. Wazazi wa Temeke, Kinondoni na miji mingine nchini hukutana nayo kila siku. Suala la msingi ni kujua lini utundu ni sehemu ya ukuaji, lini ni dalili ya tatizo linalohitaji mtaalamu, na malezi yana nafasi gani katika hilo.

Utundu wa kawaida na tatizo linalohitaji uangalizi

Mtoto wa miaka miwili au mitatu hana uwezo wa kukaa kimya kwa muda mrefu. Sehemu ya ubongo inayomwezesha binadamu kusubiri, kujizuia na kukumbuka maelekezo huendelea kukomaa hadi ujanani. Kwa hiyo mtoto anayekimbiakimbia, anayeuliza maswali yasiyokwisha au anayelia anaponyimwa kitu hajawa na ugonjwa.

Wataalamu wa afya ya akili ya watoto huangalia mambo manne. Kwanza, hali hiyo imedumu kwa miezi sita au zaidi. Pili, inaonekana mahali zaidi ya pamoja, kwa mfano nyumbani na shuleni. Tatu, inazidi kiwango cha watoto wengine wa umri huohuo. Nne, inamzuia mtoto kujifunza, kucheza na wenzake au kuwa salama. Mtoto anayesumbua nyumbani tu lakini shuleni ametulia, au kinyume chake, huhitaji kwanza kuangaliwa mazingira yake kabla ya kupewa jina la ugonjwa.

Zipo pia sababu za kiafya zinazofanana na kutosikia. Mtoto mwenye usaha wa masikio wa mara kwa mara huweza kuwa hasikii vizuri. Upungufu wa damu na usingizi usiotosha hupunguza umakini. Kuna aina ya kifafa ambayo mtoto haanguki, bali huzubaa kwa sekunde chache mara nyingi kwa siku. Mtoto wa namna hiyo akichapwa kwa kutokuwa makini anaadhibiwa kwa maradhi.

Ukubwa wa suala katika Afrika Mashariki

Utafiti mkubwa uliofanyika Kilifi, katika pwani ya Kenya, na kuchapishwa mwaka 2017 ulihusisha watoto 3,273 wenye umri wa mwaka 1 hadi miaka 6. Takriban asilimia 13 walibainika kuwa na matatizo ya tabia na hisia. Miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na matatizo hayo ni matatizo wakati wa kuzaliwa na maradhi ya degedege au kifafa. Matokeo hayo yanaonesha kuwa chanzo cha tatizo la tabia kinaweza kuanzia chumba cha kujifungulia, na kwamba kliniki ya mama na mtoto ni sehemu ya kinga.

Kwa upande wa Tanzania, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na kwamba asilimia 47 tu ya watoto wa miezi 24 hadi 59 wako katika hatua stahiki ya ukuaji kiafya, kiujifunzaji na kijamii. Yaani zaidi ya nusu ya watoto wa umri huo hawajafikia hatua inayotarajiwa.

Je, mzazi ndiye chanzo?

Tafiti za mapacha zilizofanyika katika nchi mbalimbali zinaonesha kuwa tatizo la upungufu wa umakini na utukutu uliopitiliza hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Mzazi hapaswi kubebeshwa lawama kuwa amemharibu mwanawe kwa kumdekeza. Hata hivyo, malezi yana nguvu ya kuongeza au kupunguza ukaidi, hasira na ugomvi, iwe mtoto ana tatizo hilo au hana.

Mtafiti Gerald Patterson wa Oregon, Marekani, alieleza namna ukaidi unavyojengeka nyumbani hatua kwa hatua. Mzazi anatoa amri. Mtoto anagoma na kupiga kelele. Mzazi, akiwa amechoka, anaiacha amri yake ili apate utulivu. Mtoto anajifunza kuwa kelele zinafaa. Siku nyingine mzazi anapandisha sauti au anachapa, mtoto ananyamaza kwa muda, na mzazi naye anajifunza kuwa ukali unafaa. Baada ya miezi kadhaa pande zote mbili zimezoea kuanzia kwenye ukali, na maneno ya kawaida hayasikiki tena.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mara nyingi methali hiyo hutumiwa kutetea fimbo, ilhali ujumbe wake ni kwamba mzazi asiogope kilio cha mtoto pale anapoweka mpaka. Katika hilo tafiti zinakubaliana na wahenga: mpaka ukiwekwa, udumu. Zinachopinga ni kudhani kuwa mpaka hauwezi kuwekwa bila kipigo.

Fimbo na tabia ya mtoto

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulibaini kuwa karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikumbana na ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2014 uliwahoji wanafunzi 409 wa shule ya msingi nchini. Asilimia 95 walisema wamewahi kupewa adhabu ya viboko au kipigo, na waliochapwa zaidi nyumbani ndio waliokuwa na ugomvi na ukaidi mwingi zaidi.

Utafiti wa namna hiyo, uliopima mambo yote kwa wakati mmoja, hauwezi peke yake kuthibitisha kipi kilitangulia, kwani mtoto mkaidi naye huchapwa zaidi. Ndiyo maana tafiti zinazowafuatilia watoto kwa miaka zina uzito. Mapitio ya tafiti 69 za aina hiyo, yaliyochapishwa mwaka 2021, hayakukuta ushahidi kwamba adhabu ya kipigo inaboresha tabia. Katika tafiti nyingi zilizopima tabia, kipigo kilitangulia kuongezeka kwa matatizo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeligusa suala hilo. Kifungu cha 13 kinakataza mtoto kuteswa au kupewa adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha. Kifungu hicho kinaeleza pia kuwa marekebisho yanayozidi umri na hali ya mtoto hayakubaliki, wala hayakubaliki kwa mtoto ambaye kutokana na umri wake mdogo hawezi kuelewa sababu ya kurekebishwa.

Yanayosaidia

Mkazo wa tafiti ni kwamba kwa mtoto aliye chini ya umri wa kuanza darasa la kwanza, hatua ya kwanza ni kumpa mzazi mafunzo ya malezi, kabla ya kufikiria dawa. Nchini Jamaica, watoto 129 waliodumaa walihusishwa katika utafiti ulioanza mwaka 1986 jijini Kingston. Baadhi ya familia zilitembelewa na wahudumu wa afya ya jamii kila wiki kwa miaka miwili, wakimwonesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto kwa vifaa vya kutengeneza nyumbani. Walipofikia umri wa miaka 22, waliotembelewa walikuwa na vitendo vichache zaidi vya vurugu, na kipato chao kilizidi cha wenzao kwa takriban asilimia 25.

Mambo yanayofundishwa katika mafunzo ya aina hiyo hayahitaji fedha nyingi:

Mzazi atenge dakika 10 hadi 15 kila siku za kucheza au kuzungumza na mtoto bila simu mkononi. Kwa anayerudi usiku, muda wa kuoga au kula unatosha.

Atoe agizo moja kwa wakati, kwa maneno mafupi, akiwa karibu na mtoto. "Weka viatu mlangoni" hueleweka kuliko "acha fujo".

Amsifu mtoto mara tu anapofanya vizuri, kwa kutaja alichofanya.

Apuuze vurugu ndogo. Kwa kosa kubwa atumie matokeo mafupi yanayojulikana, kama vile kuondolewa kwenye mchezo kwa dakika chache.

Akubaliane na bibi, dada au jirani anayemlea mtoto kuhusu kanuni chache zilezile, ili mtoto asikutane na sheria tofauti asubuhi na jioni.

Alinde usingizi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 unaotaka mtoto wa miaka 3 hadi 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, na asitazame televisheni au simu kwa zaidi ya saa moja. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, skrini haishauriwi kabisa.

Mipango ya Serikali na mahali pa kupata msaada

Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayowahusu watoto wa umri wa miaka 0 hadi 8 kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26. Programu hiyo inasimama juu ya nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Nguzo ya malezi yenye mwitikio inamtaka mlezi atambue ishara za mtoto na kuzijibu kwa wakati.

Mzazi mwenye wasiwasi anashauriwa kuanza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ili mtoto apimwe usikivu, lishe na afya kwa ujumla. Inapohitajika, mtoto hupewa rufaa kwenda hospitali za ngazi ya juu, ikiwemo Amana na Muhimbili. Ni vyema kwenda na maelezo ya mwalimu na ya mlezi anayeshinda na mtoto, kwa kuwa daktari anahitaji kujua hali ilivyo katika mazingira zaidi ya pamoja.

Kwa ushauri wa malezi, Afisa Ustawi wa Jamii na Afisa Maendeleo ya Jamii wanapatikana kupitia ofisi ya kata. Taarifa za ukatili dhidi ya mtoto hupokelewa katika Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, au kwa kupiga simu bila malipo kupitia namba 116 ya huduma kwa mtoto. Namba hiyo hupokea pia simu za wazazi wanaohitaji ushauri kabla hali haijawa mbaya.