Kabla Uandike "Rudini Kwenu", Soma Hii ya 1968

Niliweka video fupi ya maduka ya zamani ya Biashara Street, hapa Nairobi. Siasa hakuna, ni vitambaa na milango ya mbao tu. Komenti zikajaa kitu kimoja: hawa Wahindi warudi kwao. Nikabaki najiuliza, kwao ni wapi? Ndio nikaanza kusoma. Sina digrii ya historia (mnaonifuata mnajua sina digrii yoyote), lakini hii stori manze inafaa tuijue.

Tuanze na sisi wenyewe kwanza. Kabla ya mgeni yeyote kuombwa kibali cha kazi, babu zetu walivalishwa kipande. Sheria ilipitishwa 1915, ikaanza kuuma sawasawa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanaume Mwafrika alitembea na kikopo cha chuma shingoni, ndani yake karatasi yenye alama za vidole vyake na rekodi ya waliomwajiri. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, huwezi kuandikwa kwingine. Ukitoroka, jela. Mzungu alikuwa na shamba, Mhindi alikuwa na duka au kiti cha karani, Mwafrika akabaki na jembe. Ukiruka hapo, utadhani yaliyofuata yalikuwa roho mbaya tu.

Sasa Uhuru ukaja, 12 Desemba 1963. Mhindi aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja pia amezaliwa Kenya, alikuwa raia moja kwa moja. Wengine wengi walipewa miaka miwili kuomba. Kumbuka hesabu ya watu ya 1962 ilipata Waasia kama 177,000 nchini, na wengi wao mkononi walikuwa na paspoti ya Uingereza. Kuchukua uraia wa Kenya kulimaanisha kuiacha hiyo paspoti. Wengine waliogopa. Wengine walisema acha tuone upepo unaelekea wapi. Wengine walikimbia na fomu siku za mwisho kabisa, na faili zao zikakaa ofisini muda mrefu bila jibu. Mimi siwatetei wote. Kuna waliodharau kuwa raia wa nchi ya watu weusi, hilo tuseme. Lakini mtu akiwa na watoto na duka moja, kusitasita si uhaini.

Halafu 1967. Bunge likapitisha sheria mpya ya uhamiaji, ikaanza kazi 1 Desemba mwaka huo. Asiye raia hafanyi kazi bila kibali. Kibali ni cha muda, na hukipati kama kuna Mkenya anayeweza hiyo kazi. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka huo huo ikaongeza: asiye raia hauzi bidhaa fulani, na hafanyi biashara maeneo fulani.

Hebu jiweke hapo. Una miaka 20, umezaliwa Ngara, umesoma Ngara, Kiswahili chako ni cha Ngara. Jana ulikuwa karani. Leo wewe ni mgeni anayesubiri barua imwambie kama ataendelea kukaa kwenye kiti ambacho tayari amekikalia. Hakuna mwanajeshi aliyekuja mlangoni. Ya Idi Amin ya 1972, siku 90 uwe umetoka, kila mtu anaijua kwa sababu ilikuwa na kelele. Yetu ilipita kimyakimya, kwa fomu na mihuri.

Basi watu wakasema sawa, paspoti ni ya Uingereza, twende Uingereza. Kufikia Februari 1968 ndege za kutoka Nairobi kwenda London zilikuwa zimejaa. Watu walikuwa wanakimbizana na saa, kwa sababu London ilishaanza kunong'ona kuhusu kufunga mlango. Na kweli, serikali ya Harold Wilson, waziri wa mambo ya ndani akiwa James Callaghan, ikapitisha sheria bungeni kwa siku tatu. Tatu! Ikaanza 1 Machi 1968. Ukiwa na paspoti yao huingii tu hivyo, mpaka wewe, mzazi wako au babu yako awe na uhusiano na Uingereza yenyewe, kama kuzaliwa huko. Unajua ni nani aliye na babu aliyezaliwa Uingereza? Mzungu wa Karen. Fundi cherehani wa Ngara hana. Familia za Waasia wa Afrika Mashariki zikawekewa vocha 1,500 kwa mwaka, foleni ikaanza upya.

Kwa hiyo kuna watu waliokuwa na paspoti halali, na hakuna nchi iliyowataka kazini. Wengine walirushwa kutoka uwanja wa ndege huu hadi ule kama mpira. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema wazi kwamba kuwabagua kwa rangi hivyo kulikuwa ni kuwadhalilisha. Kufikia hapo miaka mitano ilikuwa imeisha.

Na huku nyumbani, zile leseni na maduka? Waafrika kadhaa walipata, na ilikuwa haki yao. Lakini bila mtaji na bila mtu wa kukujua ofisini, haikuwa rahisi. Wengi wa mtaani walibaki wateja, mwenye duka tu ndiye aliyebadilika.

Julai 2017 serikali ikawatangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Yule karani wa miaka 20, kama alifanikiwa kufika Leicester, siku hiyo alikuwa mzee wa miaka 69.