Kihesabio na flipuflopu zake

Kihesabio ni saketi ya kidijitali inayohesabu mipigo ya umeme na kuikumbuka hesabu yake. Wapo wanaoiita kaunta, lakini kwetu kaunta ni ya dukani au baa. Kihesabio kinajieleza chenyewe: ni kifaa cha kuhesabia, kama kichujio kilivyo cha kuchujia.

Kiungo chake kikuu tunakitohoa tu: flipuflopu. William Eccles na Frank Jordan waliiombea hataza Uingereza mwaka 1918, wakati huo ikiundwa kwa valvu. Flipuflopu hushika 0 au 1 na haiachii mpaka iamriwe. Ile ya aina ya JK, ukiviweka viingizo vyake J na K vyote kwenye 1, hugeuka kwa kila mpigo, kwa hiyo kila mipigo miwili inayoingia hutoka mmoja. Ukiupeleka huo kwenye flipuflopu ya pili, kisha ya tatu na ya nne, unapata saketi inayohesabu kuanzia 0 hadi 15. Katika saa nyingi za mkononi za betri, fuwele hutetema mara 32,768 kwa sekunde. Ukigawa kwa mbili mara 15, unabaki na mpigo mmoja tu kwa sekunde.

Lakini sisi tunahesabu kwa makumi, na hapa ndipo ubunifu unapoanza. Baada ya 9 saketi irudi 0. Kumi kwa mfumo wa mbili ni 1010, na ukianzia sifuri, ndiyo namba ya kwanza ambayo biti yenye thamani ya 8 na ile yenye thamani ya 2 huwa 1 kwa pamoja. Basi huna haja ya kuzitazama biti nyingine. Hizo mbili ziingize kwenye lango la NAND, na toleo lake lipeleke kwenye pini za kufuta. Kumi hutokea kwa nanosekunde chache, kisha hufutika. Napenda sana wepesi wa suluhisho hili.

Kasoro ya kihesabio hiki ni kwamba flipuflopu zinapokezana mpigo, na kila moja huchelewa kidogo. Kutoka 7 kwenda 8, saketi hupita 6, 4 na 0 kwanza! Jicho halioni, ila saketi nyingine ikisoma katikati ya safari hiyo itapata uongo. Dawa ni kihesabio cha pamoja: flipuflopu zote hupokea mpigo uleule wa saa, na kila moja hugeuka ikiwa tu zote zilizoitangulia ziko kwenye 1. Cha kupokezana kinafaa kuwashia taa. Hesabu itakayosomwa na saketi nyingine, nashauri mwanafunzi aijenge kwa cha pamoja tangu mwanzo.