Bushi hailiwi na kasi

Leo programu tuziweke kando kidogo, tuongee juu ya bushi, ile pete ya chuma ambayo shafti huzunguka ndani yake. Hapa Spring Valley, dereva mzoefu wa gari lenye tabo akitoka mwendo mrefu hazimi injini papo hapo. Huiacha ingurume dakika moja hivi, maana oili ikituama kwenye bushi za tabo zingali moto, huungua ikawa masizi.

Tuanzie London, mwaka 1883. Beauchamp Tower alikuwa akipima bushi za ekseli za reli. Akatoboa tundu juu ya bushi ili atie oili. Shafti ilipozunguka, oili ikapanda na kumwagika. Akaziba kwa kizibo, kikasukumwa nje. Akaweka cha mbao, nacho kikatoka. Alipofunga geji, ikapita paundi 200 kwa inchi ya mraba. Kumbe shafti haikuwa ikigusa bushi kabisa, ilielea juu ya oili! Mwaka 1886 Osborne Reynolds akaeleza jambo hilo kwa hesabu. Reli ya Uganda ilipofika Nairobi mwaka 1899, siri ilikuwa imeshajulikana: chuma husuguana na chuma hasa wakati wa kuanza na kusimama.

Je, mahali penye joto ambalo oili haiwezi kuvumilia? Huko NASA, Cleveland, Harold Sliney na wenzake walitafuta vilainishi vikavu kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1990 ikapatikana PS304, mchanganyiko wa nikeli na kromu, fedha, na chumvi za floraidi. Fedha hulainisha chuma kikiwa baridi, floraidi hushika zamu joto likipanda. Unga wa aina hiyo ukishindiliwa na kuokwa huwa bushi inayojilainisha yenyewe.

Walipoipima kwenye shafti inayoelea juu ya hewa, hawakuhesabu kasi tu. Waliwasha na kuzima, zaidi ya mara 100,000, hadi nyuzi 650 za Selsiasi.

Sisi wa programu hupenda kupima seva ikiwa imeshakolea. Lakini umeme ukikatika na kurudi, kila kitu huwaka kwa pamoja na databesi haijawa tayari. Kabla ya kumkabidhi mteja mfumo, uzimeni na kuuwasha mara 100, kisha mniambie mmeona nini.